Michezo ya mtandaoni ya wanyama na sayansi: mwongozo kamili kwa mzazi na mwalimu

Michezo ya watoto yenye picha za wanyama imejaa mtandaoni, na mingi haifundishi kitu. Mtoto anamgusa tembo, tembo analia, nyota zinamiminika, tangazo linaruka mbele ya uso. Ukimuuliza baadaye tembo anakula nini, hajui, kwa sababu mchezo haukumdai ajue.

Kuna namna rahisi ya kuupima mchezo kabla hujampa mtoto. Ucheze mwenyewe dakika kumi, kisha fikiria umewaondoa wanyama wote na kuweka magari mahali pao. Kama mchezo ungebaki vilevile, wanyama wale ni pambo tu. Mchezo unaofundisha huvunjika ukiwaondoa: mtoto hawezi kusonga mbele bila kujua nani anamla nani, manyoya ya rangi gani yanajificha wapi, au swala huyu anatofautiana vipi na yule. Jambo la pili la kuangalia ni kama mtoto anaweza kukosea na kuona matokeo ya kosa lake. Mchezo unaosema “Jaribu tena!” bila kuonyesha kilichotokea ni mtihani wa kubahatisha.

Vitatu vinavyofaulu kipimo hicho, na vyote ni vya bure, ndivyo tutakavyovichambua hapa: maabara ya kuigiza ya PhET kuhusu uchaguzi asilia (jinsi wenye sifa zinazofaa mazingira wanavyobaki na kuzaa), picha za kamera za Serengeti kwenye tovuti ya Zooniverse, na mchezo mdogo ambao mtoto anautengeneza mwenyewe kwa Scratch, programu ya watoto ya kutengenezea michezo. Vinafaa zaidi kuanzia miaka 8 hivi. Kwa mdogo kuliko huyo, pakua GCompris, programu ya bure isiyo na matangazo, iliyotengenezwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, na ikishaingia kwenye kifaa haihitaji intaneti. Kwa walio chini ya miaka 5 kumbuka ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019: chini ya miaka 2 hakuna skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku.

Kuandaa kifaa

Usimkabidhi mtoto simu kabla ya kuifunga kwenye programu moja. Kwenye Android nyingi kipengele hiki kimo ndani ya mipangilio ya usalama; ukikiwasha pamoja na chaguo la kudai namba ya siri, mtoto hawezi kutoka bila namba yako. Kwenye iPhone hufanya kazi hiyo kipengele kilichomo katika mipangilio ya ufikivu. Halafu ingia duka la programu na uweke sharti la nywila kwa kila ununuzi. Watu wengi huruka hatua hii kwa kudhani hawana kadi ya benki kwenye simu, wakasahau kwamba kwenye baadhi ya mitandao ununuzi unaweza kukatwa moja kwa moja kwenye salio.

Kuhusu bando, PhET ndiyo nafuu kuliko zote. Kila igizo kwenye phet.colorado.edu unaweza kulipakua likiwa faili moja la megabaiti chache, na likishaingia halihitaji mtandao tena. Pakua kwenye Wi-Fi, kisha ligawe kwa flashi, kwa Bluetooth, au kwa WhatsApp kama hati.

Hapa ndipo wengi hukwama. Simu ya Android ikilifungua faili hilo kwa kisomaji chake cha ndani, skrini hubaki nyeupe, na mtu hudhani faili limeharibika. Kisomaji hicho hakiendeshi msimbo wa igizo. Libonyeze faili bila kuachia, chagua “fungua kwa”, kisha chagua Chrome au kivinjari kingine kamili. Kwenye iPhone njia ya faili husumbua zaidi, kwa hiyo lifungulie mtandaoni moja kwa moja.

Baadhi ya maigizo ya PhET yametafsiriwa kwa Kiswahili na mengine bado. Ukikuta la Kiingereza, andika kwenye karatasi maneno saba au manane yaliyomo kwenye vitufe na maana zake, uiweke pembeni ya skrini. Yanatosha, kwa kuwa igizo lenyewe lina maneno machache sana.

Sungura weupe, sungura wa kahawia

PhET ilianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, na Carl Wieman, aliyekuwa ametunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka uliotangulia. Ina maigizo mengi ya fizikia na kemia. Kwa upande wa wanyama, lenye manufaa kuliko yote ni lile la uchaguzi asilia. Limegawanyika sehemu mbili; ingia ile ya maabara, yenye vidhibiti vyote.

Utamkuta sungura mmoja mweupe peke yake kwenye ardhi ya kahawia. Kabla hujabofya chochote, muulize mtoto: “Nikimwongezea mwenzake, baada ya vizazi vitatu watakuwa wangapi?” Aandike jibu lake. Kuandika huku ndiko kunakotofautisha somo na kuchezea vitufe, maana mtoto asiyeandika huwa “alijua tangu mwanzo” kila mara.

Bofya kitufe cha kuongeza mwenza na uache saa ya vizazi izunguke. Kila jozi huzaa wanne, hivyo idadi inajizidisha mara tatu kila kizazi mpaka wazee waanze kufa: 2, 6, 18, 54, 162. Watoto wengi huwa wameandika 8 au 10. Ukiwaacha bila kizuizi chochote, baada ya muda mfupi igizo linasimama na kutangaza kwamba sungura wameitawala dunia. Watoto hucheka, nawe umepata swali la pili bila jasho: mbona hapa kwetu sungura hawajaitawala dunia?

Sasa anza upya na ufanye jaribio lenyewe.

Ongeza mwenza, kisha mara moja chagua badiliko la manyoya ya kahawia, uweke liwe sifa tawala, yaani inayoonekana hata sungura akirithi nakala moja tu. Badiliko haliingii papo hapo. Husubiri kizazi kinachofuata, na igizo hukuonyesha ujumbe kwamba linakuja. Mtoto asiye na subira atabofya huku na kule akidhani kitufe kimekufa. Mwambie atazame saa.

Wakishaonekana sungura wa kahawia kadhaa, simamisha. Fungua grafu ya idadi. Muulize mtoto nani wataongezeka wakija wanyama wawindaji, aandike, kisha weka tiki kwenye kisanduku cha mbwa mwitu. Hawa ni wale wa nchi za baridi, siyo mbwa mwitu wenye mabakamabaka wa Serengeti na Selous, jambo ambalo mtoto wa Kitanzania ataliuliza. Endesha. Mstari wa weupe utaporomoka, wa kahawia utapanda.

Watu wengi huishia hapo na kumpongeza mtoto. Usiishie hapo, kwa sababu mtoto huyo kwa kawaida ameondoka na wazo potofu: kwamba sungura *waligeuka* kahawia ili wasiliwe. Mbofye sungura mmoja mweupe kwenye skrini, fungua kielelezo cha ukoo wake, na umfuatilie kwa macho mpaka afe. Alizaliwa mweupe, amekufa mweupe. Mfuatilie wa kahawia, naye hivyohivyo. Hakuna hata mmoja aliyebadilika. Kilichobadilika ni hesabu ya waliobaki kuzaa. Rudieni zoezi hili kwa sungura wanne au watano, mtoto akisema kwa sauti rangi ya kila mmoja anapozaliwa na anapokufa. Linachosha kidogo, na ndilo linaloling'oa lile kosa. Maelezo matupu hayaling'oi.

Kisha geuza mazingira: hamisha sungura kwenye theluji, mbwa mwitu wakiwepo vilevile. Muulize kwanza. Safari hii weupe ndio watakaonufaika, na mtoto ataona kwamba hakuna rangi “bora”. Kuna rangi inayofaa mahali fulani.

Yanayoharibika na sababu zake:

Ukileta mbwa mwitu mapema mno, sungura wakiwa wachache, wote wanaweza kuliwa na igizo likaisha. Subiri wafike makumi kadhaa. Ukisubiri kupita kiasi nako, wanaijaza dunia kabla hujabofya. Tumia kitufe cha kusimamisha bila haya.

Ukiweka kahawia iwe sifa fifi, itachelewa kuonekana, kwa kuwa sungura anahitaji kurithi nakala mbili, moja kwa kila mzazi. Kwa mtoto wa darasa la nne anza na sifa tawala tu. Sifa fifi iache mpaka ajue kwamba kila sungura amerithi nusu kwa baba na nusu kwa mama.

Ukiwasha mbwa mwitu, chakula kigumu na chakula haba kwa pamoja, hutajua kipi kimesababisha nini. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtoto akilielewa hilo kwa mikono yake, umempa msingi wa kila jaribio atakalofanya sekondari. Mwache ajaribu pia badiliko la meno marefu akiwa ameweka chakula kigumu, halafu badiliko la masikio yaliyolala. Usimwambie masikio yanasaidia nini. Muulize kama anadhani yanasaidia, kisha ayapime akiwa na mbwa mwitu na bila mbwa mwitu, na alinganishe grafu mbili.

Kwa mwalimu mwenye wanafunzi 50 na kompyuta moja: gawa darasa makundi sita, kila kundi liandike utabiri kwenye daftari kabla ya kila kubofya, na mwanafunzi mmoja tu ndiye aguse kompyuta, akibadilishwa kila jaribio. Kama huna projekta, chora mihimili ya grafu ubaoni na mwanafunzi wa pili aweke nukta kila kizazi akisoma idadi kwenye skrini. Darasa linaona grafu ikizaliwa taratibu, jambo ambalo hata projekta hailitoi.

Kamera za Serengeti

Mwaka 2010 watafiti waliokuwa chini ya mradi wa simba wa Chuo Kikuu cha Minnesota walianza kutega kamera 225 ndani ya Hifadhi ya Serengeti, katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Yaani kamera moja kwa kila kilomita 5 za mraba. Kamera hizo hupiga picha zenyewe zikihisi joto na mwendo. Picha zilikuwa nyingi kupita uwezo wa watafiti kuzitazama, kwa hiyo mwishoni mwa 2012 zilipandishwa Zooniverse kwa jina la Snapshot Serengeti ili mtu yeyote duniani asaidie kutambua wanyama. Zaidi ya watu 28,000 waliojisajili walishiriki katika awamu za mwanzo, na majibu yao yakiunganishwa yalilingana na ya wataalamu kwa zaidi ya asilimia 96.

Kwa mtoto huu ni mchezo wa upelelezi. Kwa watafiti ni kazi halisi. Huhitaji akaunti kuanza, na kwa mtoto ni afadhali asifungue.

Fungua zooniverse.org na utafute mradi huo. Kuna nyakati tovuti huandika kwamba picha za mradi zimekwisha. Zikiisha, tafuta mradi mwingine wenye neno “Snapshot” mwanzoni, kwani hifadhi nyingine za Afrika zimefuata njia hiyohiyo. Lugha ni Kiingereza, kwa hiyo andaa orodha ya majina mapema: nyumbu, pundamilia, swala tomi, swala granti, swala pala, nyamera, kongoni, pofu, nyati, ngiri, fisi madoa, mbweha, duma, chui, mondo. Hao watakutosha kwa picha nyingi.

Kila picha ina maswali machache: ni mnyama gani, wako wangapi, wanafanya nini (wamesimama, wamelala, wanatembea, wanakula), na kuna watoto au la. Mtoto asipojua mnyama, kuna vichujio vya umbo, rangi, pembe na mkia vya kupunguza orodha. Mfundishe kutumia vichujio kwanza badala ya kukuuliza wewe. Ndivyo wataalamu wanavyofanya wakiwa na kitabu cha wanyama porini.

Hizi ni jozi zinazowachanganya watoto, na watu wazima pia:

Swala tomi na swala granti. Tomi ni mdogo na ubavuni ana mstari mweusi mpana. Lakini baadhi ya granti, hasa wachanga, nao wana mstari, kwa hiyo usitegemee ubavu peke yake, tazama matako. Weupe wa granti hupanda juu ya mkia hadi mgongoni. Wa tomi huishia chini ya mkia.

Nyamera na kongoni. Wote wana uso mrefu na mgongo unaoteremka kuelekea nyuma. Nyamera ana mabaka meusi mapajani na mabegani, kama aliyevuka tope. Kongoni ni wa rangi moja ya mchanga, na pembe zake zimejipinda kwa pembeni.

Duma na chui. Tazama uso: duma ana mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni hadi mdomoni. Madoa ya duma ni nukta zilizojaa, ya chui ni vikundi vya madoa vilivyojipanga duara. Ukiona masikio makubwa mno kwa kichwa chake, miguu mirefu na mkia mfupi, huyo si duma mtoto, ni mondo.

Mtoto atakutana na picha nyingi zisizo na mnyama yeyote, na atakasirika. Mweleze kwamba nyasi ndefu zikipigwa na upepo wakati wa jua kali huidanganya kamera, na kwamba kujibu “hakuna kitu” ni jibu la kisayansi lenye kazi yake. Katika awamu za mwanzo picha iliondolewa kwenye foleni endapo watu 5 wa kwanza wote walisema haina kitu. Yenye mnyama ilihitaji majibu 10 yanayofanana, na iliyobishaniwa ilionyeshwa kwa watu hadi 25.

Kwa utaratibu huo mtoto anaweza kubahatisha bila kuharibu utafiti, ilimradi abahatishe kwa sababu. Waandaaji kwa makusudi hawakuweka kitufe cha “sijui”, kwa kuwa jibu la mtu asiye na hakika likichanganywa na ya wengine bado lina habari ndani yake. Unachotakiwa kukizuia ni kubofya haraka haraka ili “amalize”. Weka kikomo cha picha 15 kwa mkao mmoja, na kwa kila picha aseme alama moja aliyoiona mwilini mwa mnyama kabla ya kubofya jina. Picha 15 za namna hiyo zina faida kuliko 100 za mbio.

Mwisho wa kila mkao chora jedwali lenye nguzo tatu: mnyama, mara ngapi ameonekana, mchana au usiku. Baada ya mikao minne au mitano jedwali litaanza kuuliza maswali lenyewe. Kwa nini fisi wengi wako kwenye picha za usiku? Kwa nini nyumbu wanakuja mamia kwa mamia, kisha picha nyingi zinafuata bila hata mmoja? Hapo ndipo pa kumweleza safari ya nyumbu: kuzaa kwenye uwanda wa kusini, upande wa Ndutu, mwanzoni mwa mwaka, na kufika mto Mara katikati ya mwaka wakifuata nyasi mbichi.

Tahadhari moja tu: hizi ni picha za porini, na mara mojamoja hutokea mzoga au simba anakula. Kaa karibu na mtoto mdogo.

Mtoto atengeneze mchezo wake

Scratch ilitolewa na maabara ya MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007 kwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Mtoto haandiki msimbo. Anaunganisha bloku za rangi. Iko scratch.mit.edu, na pia kuna programu ya kusakinisha inayofanya kazi bila intaneti. Kompyuta au tabiti inahitajika: simu ya kawaida inaweza kuendesha mchezo uliokwisha kutengenezwa, lakini si kuutengeneza. Ukifungua, bofya mipangilio (Settings) juu, nenda kwenye lugha na uchague Kiswahili.

Mchezo wetu: pundamilia anakula nyasi ili asife njaa, huku akimkwepa simba, mpaka sekunde 60 zitimie. Tumemchagua pundamilia kwa sababu yumo kwenye maktaba ya picha ya Scratch, na nyumbu hayumo. Simba yumo, na mandhari ya savana imo. (Kiboko wa maktaba hiyo ana mabawa. Mwacheni kwa mchezo mwingine.)

1. Mfute paka anayekuja na mradi mpya. Ongeza pundamilia, ukubwa 40, na simba, ukubwa 50. Nyasi zichoreni wenyewe: mistari mitano ya kijani inatosha. Mtoto achore, mzazi asimnyang'anye kipanya.

2. Unda vibadilika viwili (visanduku vya kutunzia namba), “nguvu” na “sekunde”. Scratch itauliza kama ni vya wahusika wote au vya huyu tu. Chagua wote. Ukichagua huyu tu, nyasi hazitaweza kuongeza nguvu za pundamilia, na mtatafuta kosa hadi giza liingie.

3. Pundamilia, bendera ya kijani ikibofywa: aende x -150, y -80, mtindo wa kugeuka uwe kushoto na kulia tu, la sivyo atatembea kichwa chini miguu juu, nguvu iwe 20, sekunde iwe 0. Kisha ndani ya bloku ya kurudia daima weka masharti manne: mshale wa kulia ukibonyezwa, aelekee 90 na x iongezeke 4, wa kushoto, aelekee -90 na x ipungue 4, wa juu na wa chini, y ibadilike 4 na -4. Msitumie ile bloku ya kuanzia inayosema “kitufe kikibonyezwa”. Hiyo hufanya pundamilia akwame kidogo kabla ya kuondoka, na simba hana huruma na anayekwama.

4. Pundamilia, msimbo wa pili, bendera ikibofywa, rudia daima: subiri sekunde 1, nguvu -1, sekunde +1, nguvu ikiwa chini ya 1, aseme “Nimekufa njaa” kwa sekunde 2, kisha simamisha vyote, sekunde zikiwa 60, aseme “Nimefika!” kwa sekunde 2, simamisha vyote. Ile “subiri” ikisahaulika, nguvu 20 zinaisha chini ya sekunde moja, kwa sababu Scratch huzungusha bloku mara 30 kwa sekunde.

5. Nyasi, bendera ikibofywa: jifiche; rudia daima: subiri sekunde 2, unda nakala yako. Halafu, inapoanza kama nakala: nenda mahali popote, jionyeshe, rudia daima: ikimgusa pundamilia, nguvu +3 na nakala ifutwe. Msiposema “jionyeshe” nakala zote huzaliwa zimejificha kama mama yao. Na msipoifuta nakala baada ya kuliwa, fungu moja la nyasi litaongeza nguvu mara 30 kwa sekunde huku pundamilia akiwa amesimama juu yake, ameshiba milele.

6. Simba, bendera ikibofywa: aende x 200, y 120, rudia daima: subiri sekunde 5, rudia mara 60: mwelekee pundamilia, sogea 6, na ukimgusa sema “Chakula!” kwa sekunde 2 na simamisha vyote.

Hatua ya 6 ina sayansi ndani yake, msiipite haraka. Simba halisi ana mbio kubwa kwa mwendo mfupi tu. Akishindwa kukamata hupumzika. Katika mchezo huu anasogea 6 na pundamilia 4, kwa hiyo kila mzunguko anapunguza pengo kwa 2. Mizunguko 60 ni 120. Pundamilia aliye mbali zaidi ya hapo na anayekimbia moja kwa moja atapona. Aliyekaribia kwa tamaa ya nyasi analiwa. Muulize mtoto: ungekuwa pundamilia, ungekula ukimtazama nani?

Mchezo ukishafanya kazi, geuzeni nyasi. Zikiota kila sekunde 2, kila fungu likiwa na nguvu 3, chakula kilichopo ni 1.5 kwa sekunde na mahitaji ni 1: anaishi. Zikiota kila sekunde 3, chakula ni 1 na mahitaji ni 1: roho mkononi. Leteni kiangazi, ziote kila sekunde 5: chakula ni 0.6, anapungukiwa 0.4 kila sekunde, na akiba yake ya 20 inaisha kabla ya sekunde ya 50 kupita, hata kama hakuacha jani moja na simba hakumgusa. Hafiki 60. Mtoto apige hesabu kwanza kwenye karatasi, kisha ajaribu kushinda. Atajaribu mara nyingi, atalaumu kibodi, mwishowe atarudi kwenye karatasi. Akiuliza pundamilia halisi hufanyaje kiangazi, jibu analo tayari kwenye jedwali lake la kamera: huhama.

Matatizo ya mwisho mwisho. Mchezo ukiisha mara tu simba anapoanza kuwinda, kuna mhusika hakupewa mahali pa kuanzia na simba yuko juu ya pundamilia tangu raundi iliyopita. Kila kitu kikienda kasi ya ajabu, mmewasha turbo bila kujua. Shikilia Shift na ubofye bendera kuizima. Nyasi zikiacha kuota, mmefikia nakala 300, kikomo cha Scratch, na hiyo hutokea mkisahau “subiri” kwenye msimbo wa nyasi. Na kabla ya kufunga, hifadhini faili kwenye kompyuta. Bila akaunti Scratch haiwekei mtu kazi yake, na ukurasa ukifungwa kila kitu kimekwenda. Faili lina mwisho wa .sb3, ni dogo, na linafunguka kwenye kompyuta yoyote yenye Scratch, pamoja na ya shule.